Ripoti ya Mandal: ililala miaka kumi, ikaamka ikaondoka na serikali

Serikali ya India ilipotangaza tarehe 30 Aprili 2025 kwamba sensa ijayo itamuuliza kila mtu kasti yake, vyama vikubwa vilianza kugombea nani alilileta wazo hilo. Mara ya mwisho takwimu za kasti zote kuchapishwa ilikuwa sensa ya 1931, enzi za Mwingereza. Migawo ya ajira na masomo iliyogombewa hadi watu wakafa imekuwa ikipigiwa hesabu kwa namba za mababu.

Mwanzo wa migawo yenyewe unajulikana. Shahu, mtawala wa Kolhapur, alitenga nusu ya kazi za serikali yake kwa walioachwa nyuma mwaka 1902. Mwaka 1932, Gandhi akiwa amegoma kula katika gereza la Yerawada, yeye na Ambedkar, kiongozi wa Wadalit, walikubaliana kwamba hao, walioitwa wasioguswa, watengewe viti 148 katika mabaraza ya majimbo. Katiba ya 1950 ikajenga juu ya hapo, na leo Wadalit wana asilimia 15 ya ajira za serikali kuu, watu wa makabila ya asili 7.5.

Walibaki wa katikati: wachungaji, wakulima wadogo, wafinyanzi, wakamuaji mafuta, vinyozi. Hawakuhesabiwa najisi kama Wadalit, lakini ofisini hawakuonekana. Mwaka 1979 serikali ya Morarji Desai iliunda tume chini ya B.P. Mandal, mwanasiasa wa Bihar aliyewahi kuongoza jimbo lake kwa wiki chache tu. Ripoti yake ya Desemba 1980 iliorodhesha kasti 3,743, ikakadiria kuwa watu wao ni asilimia 52 ya Wahindi wote, kisha ikapendekeza wapewe asilimia 27 ya nafasi. Kwa nini 27 na si 52? Kwa sababu Mahakama ya Juu ilikwisha kusema migawo isivuke nusu, na 22.5 ilikuwa na wenyewe. Wakapewa kilichobaki.

Waziri Mkuu Indira Gandhi aliifungia ripoti hiyo kabatini, na mwanawe Rajiv hakuwa na haraka ya kuitoa.

Iliyoitoa ni fitina ya ndani ya baraza la mawaziri. Waziri Mkuu V.P. Singh, mwenyewe mtu wa ukoo wa kifalme, alimfukuza naibu wake Devi Lal tarehe 1 Agosti 1990. Devi Lal, Mjat wa Haryana mwenye wakulima nyuma yake, hakuwa mzee wa kunyamaza. Akaitisha mkutano mkubwa Delhi tarehe 9. Siku mbili kabla ya mkutano, Singh alisimama bungeni akatangaza kwamba ile asilimia 27 inaanza kutekelezwa. Ahadi hiyo ilikuwamo kwenye ilani yake ya uchaguzi ya 1989, ni kweli, lakini tarehe aliyoichagua inasema mengi. Wajat hawakuwemo kwenye orodha ya Mandal.

Delhi ikachafuka. Wanafunzi wa vyuo walikaa barabarani na brashi na makopo ya dawa ya viatu, wakawang'arishia viatu wapita njia. Wengine walishika mafagio wakafagia lami. Walimaanisha kwamba hizo ndizo kazi watakazobakiziwa wenye vyeti. Magazeti mengi ya Kiingereza yaliwashangilia. Wachache waliuliza nani alikuwa akifagia barabara zile zile mwezi Julai, na kwa nini kazi iliyokuwa tusi kwa mwanafunzi ilionekana majaliwa kwa mtoto wa mfagiaji. Tarehe 19 Septemba Rajiv Goswami, mwanafunzi wa Deshbandhu College, alijitia moto katika maandamano. Alinusurika, akaishi na majeraha hadi alipofariki 2004. Wengine waliofuata mfano wake hawakupona.

BJP, chama cha uzalendo wa Kihindu kilichokuwa kikiibeba serikali ya Singh kwa kura bungeni, kiliona Wahindu wanagawanyika. Tarehe 25 Septemba kiongozi wake, L.K. Advani, aliondoka Somnath kwenye gari la Toyota lililopambwa kama mkokoteni wa vita, akielekea Ayodhya kudai hekalu mahali palipokuwa na msikiti. Lalu Prasad Yadav, kiongozi wa Bihar na kipenzi cha watu wa Mandal, akaamuru Advani akamatwe Samastipur. BJP ikaondoa kura zake, na tarehe 7 Novemba Singh akaanguka. Mgawo haukuanguka naye: mwaka 1992 Mahakama ya Juu iliubariki, ikawaondoa wenye nafuu miongoni mwa walengwa.

Mfaransa Christophe Jaffrelot, ambaye kitabu chake India's Silent Revolution ndicho msingi wa makala haya, anaona mavuno makubwa yalikuwa kwenye kura kuliko ofisini. Katika majimbo ya Kihindi ya kaskazini, wabunge wa kasti za katikati walipanda kutoka takribani asilimia 11 mwaka 1984 hadi takribani 25 mwaka 1996. Nakubaliana naye. Waliodhihakiwa kwa mafagio walijifunza kuhesabu kura zao.

Tangu hapo upepo umegeuka. Mwaka 2015 Wapatidar wa Gujarat, jamii ya akina Patel ambao ndugu zao wana maduka Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, waliandamana kudai nao waitwe walioachwa nyuma. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Wajat wa Devi Lal: waliuziba mfereji wa Munak, mabomba ya Delhi yakakauka, na watu wapatao 30 wakafa Haryana. Mwaka 2019 bunge lilitenga asilimia 10 kwa maskini wa kasti za juu, na ule ukomo wa nusu ukavukwa bila kelele nyingi.

Sensa sasa imepangiwa Machi 2027. Utafiti wa kaya wa 2011 ulikwisha kujaribu swali hili. Wananchi walitaja majina zaidi ya milioni 4.6, wakati sensa ya 1931 ilikuwa na kasti 4,147, na serikali ikaiambia mahakama kwamba takwimu hizo hazitumiki. Kabla karani hajabisha hodi, kuna mtu Delhi atakayeamua ni majina yapi yaingie kwenye orodha yake, na kila mwenye jina lake analijua hilo.