Nani Ameshika Ufunguo? Historia Fupi ya Mafunzo ya Uongozi na Utunzaji wa Mali katika Kazi za Huduma, Tanzania ya Kati

Utangulizi

Msafiri atokaye Dodoma kwenda Singida, akiisha kupita Manyoni, hufika Mkiwa, njia panda ambapo barabara itokayo Chunya, Rungwa na Itigi hukutana na barabara kuu. Hapa ni Wilaya ya Ikungi, iliyoanzishwa mwaka 2012 kwa kuigawa Wilaya ya Singida. Ni nchi ya mtama, uwele na alizeti, yenye mvua chache na watu wenye subira.

Katika Kiswahili, mkiwa ni mtu aliyefiwa au aliyeachwa peke yake, asiye na wa kumtegemea. Si nia yangu kueleza asili ya jina la kijiji, lakini neno lenyewe lafaa kwa jambo tutakalolitafakari. Historia ya Kanisa letu katika sehemu hizi, pamoja na kazi zake za huduma zisizotafuta faida, yaani zahanati, shule, visima na vikundi vya kusaidiana, ni historia ya watu ambao zaidi ya mara moja waliachwa katika ukiwa, wakakabidhiwa kazi ambayo hawakuandaliwa kuiendesha.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa pande hizo kufundisha semina ya viongozi wa vikundi vya huduma. Siku ya pili, nilipokuwa nikieleza juu ya stakabadhi na daftari la mapato na matumizi, mwinjilisti mmoja mstaafu alisimama akasema, "Baba Mchungaji, mimi nilitunza fedha za kisima miaka sita. Sikula hata senti moja. Lakini walipokuja wakaguzi sikuwa na karatasi, nikaitwa mwizi mbele ya wajukuu wangu. Haya unayotufundisha leo, mbona hatukufundishwa kabla?" Nilimjibu, "Pole, mzee wangu," na sikuwa na neno lingine. Makala hii ni jaribio la kulitafuta jibu ambalo sikuwa nalo siku ile.

Ukiwa wa kwanza na wa pili

Injili ya Kilutheri ilifika Iramba na Singida kwa njia ya Misioni ya Leipzig, muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1920 wamisionari Wajerumani wa Leipzig walifukuzwa nchini. Huko kaskazini, Leonhard Blumer, kwa kuwa alikuwa Mwestonia, aliruhusiwa kubaki. Lakini mtu mmoja hawezi kuchunga nchi nzima. Walimu na wazee Waafrika ndio walioendelea kukusanya washarika, kufundisha watoto na kutunza majengo. Walifanya hayo bila cheo na mara nyingi bila mshahara. Mnamo mwaka 1926 wamisionari wa Augustana, kanisa la Wamarekani wenye asili ya Sweden, walianza kazi yao katika Iramba, kisha wakaieneza miongoni mwa Wanyaturu.

Ukiwa wa pili ulikuja na Vita Kuu ya Pili. Kuanzia mwaka 1939 Wajerumani walikamatwa na kuwekwa kizuizini, na misioni zao zikaitwa "misioni yatima". Ikawa misioni hiyo changa ya Augustana, yenye makao yake katika nchi kavu ya kati, ndiyo iliyotwikwa sehemu kubwa ya mzigo wa kuwatunza mayatima hao, ikisaidiwa na ndugu wa Sweden. Hata msaada wa watu kutoka ng'ambo ulizuiliwa. Tarehe 17 Aprili 1941 meli iitwayo Zamzam ilizamishwa na manowari ya Kijerumani katika Bahari ya Atlantiki. Ndani yake walikuwamo wamisionari waliokuwa wakija Tanganyika, pamoja na mke wa mmisionari Elmer Danielson na watoto wao sita. Kwa neema ya Mungu abiria waliokolewa baharini, lakini safari ilikatika.

Hivyo mara mbili katika muda wa miaka ishirini watu wetu waliachiwa Kanisa. Tunapoisimulia habari hii mimbarani, huisifu imani yao, nasi twafanya vema. Lakini mwanahistoria hana budi kuuliza swali la pili: je, waliachiwa pia daftari? Mara nyingi jibu ni hapana. Neno la Mungu walikuwa nalo na nyimbo walizijua kwa moyo, lakini fedha kutoka ng'ambo, hati za viwanja na barua za wafadhili zilipita katika ofisi ya misioni. Aliyekuja baada ya vita alipokea funguo kutoka kwa mmisionari mwenzake, si kutoka kwa mzee wa usharika.

Vyuo vitatu

Baada ya vita nchi ilianza kuandaa viongozi. Inafaa kuviweka pamoja vyuo vitatu ambavyo kwa kawaida husimuliwa mbalimbali.

Mwaka 1947 mafunzo ya theolojia ya Walutheri yalianzishwa Lwandai katika Usambara, na mwaka 1954 yakahamia Makumira. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilifungua Mzumbe, karibu na Morogoro, shule ya serikali za mitaa, ili kuwafundisha machifu, madiwani na makarani wao namna ya kuendesha baraza na kutunza hazina. Mwaka 1963, baada ya Uhuru, Chuo cha Ushirika kilifunguliwa Moshi, ili vyama vya wakulima viweze kupata makatibu na watunza hesabu wao wenyewe.

Basi tazama: chifu alifundishwa kuandika kumbukumbu za baraza, na katibu wa chama cha mazao alifundishwa kufunga hesabu za mwaka. Mchungaji alifundishwa Maandiko, mahubiri na utoaji wa sakramenti, na hilo lilikuwa sahihi, maana ndiyo kazi aliyowekewa mikono. Lakini mchungaji huyo huyo alipofika usharikani alikuta anaongoza kikao, anaajiri mlinzi, anasimamia shule na kujibu barua za wafadhili. Katika kazi hizo hakuwa na mwalimu ila uzoefu, na uzoefu hufundisha kwa makosa.

Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba yaliungana kuwa Kanisa moja la Kiinjili la Kilutheri, nalo la Tanzania ya Kati likiwamo. Uongozi wa Kiafrika ulikuwa umekwisha kuanza kushika nafasi yake. Lakini mwaka 1974, Mkutano wa Makanisa ya Afrika Yote uliokutana Lusaka ulipojadili wito wa kusimamisha kwa muda watu na fedha kutoka ng'ambo, wengi walishtuka. Hofu yao haikuwa ya fedha tu. Walijua kwamba wako wanaojua kuomba msaada kuliko wanaojua kuusimamia.

Hata hivyo, tusidhani kwamba chuo peke yake kingetuokoa. Vyama vikuu vya ushirika vilikuwa na chuo chao Moshi, lakini mwaka 1976 serikali ilivivunja, na havikurudishiwa nafasi yao kwa sheria mpya hadi mwaka 1982. Katika miaka ile malalamiko ya wakulima juu ya viongozi wao yalikuwa mengi. Watu waliofundishwa walikuwapo. Kilichopungua ni uwezo wa mwanachama wa kawaida kufungua daftari na kuuliza. Ujuzi uliofungiwa ofisini haukumlinda aliyeko shambani.

Sanduku la Leisnig

Hapa historia ya Matengenezo ya Kanisa ina neno kwetu. Mwaka 1523 usharika wa Leisnig, mji mdogo wa Saksonia, ulitunga utaratibu wa hazina ya pamoja, na Martin Luther akauandikia dibaji. Mapato yote ya kanisa yangewekwa katika sanduku moja, ili yatumike kwa mchungaji, shule, majengo, wazee, yatima na maskini. Wasimamizi kumi wangechaguliwa: wawili kutoka kwa makabaila, wawili kutoka baraza la mji, watatu raia wa mjini, na watatu wakulima wa vijijini. Walitakiwa kukutana kila juma, kuandika madaftari, na kutoa hesabu mbele ya usharika wote mara tatu kwa mwaka.

Tena sanduku lenyewe lilipangwa kuwa na kufuli nne zisizofanana. Kila kundi kati ya hayo manne lingeshika ufunguo wake, hata lisiweze kufunguliwa pasipo wote kuwapo. Mkulima wa Leisnig alipewa ufunguo sawa na kabaila.

Utaratibu huo haukutekelezwa kwa urahisi. Baraza la mji lilisita kuachilia mali, hata Luther akalazimika kumwandikia mtawala kuomba msaada. Lakini wazo lenyewe ni la thamani. Hawakusema, "Tafuteni mtu mwaminifu mumwachie sanduku." Walijua ya kuwa hata mtu mwaminifu ni mwenye dhambi, tena aweza kuonewa. Kufuli nne zilimlinda maskini asiibiwe, na zilimlinda msimamizi asisingiziwe. Mtume Paulo naye, alipochangisha kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, hakukubali kuichukua sadaka ile peke yake, bali alisafiri na ndugu walioteuliwa na makanisa, pasiwe na nafasi ya lawama.

Semina za siku hizi

Katika miaka ya 1990 mashirika yasiyo ya kiserikali yaliongezeka sana nchini. Mwaka 1992 Walutheri na makanisa mengine ya Kiprotestanti, pamoja na Wakatoliki, walianzisha Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, kwa mapatano na Serikali. Kisha ikaja Sera ya Taifa ya mashirika hayo mwaka 2001, na Sheria Namba 24 ya mwaka 2002, inayoyataka yatoe taarifa ya kazi zao kila mwaka. Mafunzo nayo yakaongezeka: kupanga mradi, kuandika maombi ya fedha, kufuatilia na kutathmini.

Ni vema kushukuru. Lakini tusifiche kasoro. Mara nyingi mafunzo hutolewa mjini, kwa Kiingereza, na kwa mtu mmoja aliyechaguliwa kwa kuwa anajua lugha hiyo. Yeye hurudi na cheti na posho, na baada ya mwaka mmoja hupata kazi penye mshahara mzuri zaidi. Kikundi kilichomtuma hubaki kama kilivyokuwa, katika ukiwa wa tatu. Tena yanayofundishwa zaidi ni namna ya kumjibu mfadhili aliye mbali. Namna ya kumjibu mjane aliyetoa kuku wake kwa ajili ya kisima haina somo.

Hitimisho

Kutokana na historia hii napendekeza mambo matatu. Kwanza, mafunzo ya uongozi yafanyike kwa Kiswahili na mahali pa kazi, chini ya mti ikibidi, yakitumia daftari halisi la kikundi husika. Pili, wasifundishwe mmoja mmoja bali watatu au wanne pamoja, wanawake na vijana wakiwamo, ili mmoja akihama au akifa kazi isife naye. Tatu, vyuo vyetu vya theolojia viache kulitazama somo hili kama nyongeza ya jioni. Mitume walipoona kwamba wajane wa Kiyunani wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, hawakulihesabu kuwa jambo dogo: waliita mkutano, wakaweka watu saba, wakawaombea na kuwawekea mikono.

Ndugu msomaji, huenda kesho utapelekwa usharika ulio mbali na barabara ya lami. Utakuta mwinjilisti mwaminifu mwenye ufunguo mmoja mfukoni na kijitabu kilicholiwa na mchwa. Usimsifu tu kwa uaminifu wake, wala usingoje mkaguzi aje. Keti naye.

Kwa mzee yule wa pande za Mkiwa, jibu langu ni hili, nami nalitoa kwa kuchelewa: tulikosa sisi tuliokutuma. Ulistahili kufundishwa kabla ya kukabidhiwa ufunguo, na ulistahili kutokabidhiwa peke yako.