Mafuta ya CBD na mabaki ya viuatilifu: soma cheti cha maabara kabla ya kumpa mtoto

Nchini Marekani, wazazi wengi wenye watoto wanaougua kifafa wamesikia habari za mafuta ya CBD. Mafuta haya hutolewa kwenye bangi au hempu. Hempu ni mmea uleule wa bangi, ila kisheria THC yake, yaani kemikali inayolevya, haitakiwi kuzidi asilimia 0.3. Ikiwa chupa imeandikwa "yamepimwa maabara", swali la kuuliza ni moja: yamepimwa nini?

Kwa nini viuatilifu hubaki kwenye mafuta?

Mmea shambani hushambuliwa na wadudu na ukungu, na mkulima anaweza kuupulizia dawa. Viuatilifu vingi huyeyuka kwenye mafuta, kama CBD yenyewe. Kwa hiyo CBD inapotolewa, viuatilifu hutoka pamoja nayo. Na kwa kuwa majani mengi hutoa mafuta kidogo, mabaki yanaweza kuwa mazito zaidi ndani ya chupa kuliko yalivyokuwa kwenye majani.

Mtoto ana uzito mdogo na ubongo wake bado unakua. Baadhi ya viuatilifu, kama klorpirifosi, vinaweza kudhuru ukuaji huo.

Maabara hupima vipi?

Mtaalamu huchukua sampuli ya mafuta, huichanganya na kimiminika kinachovuta viuatilifu, kisha huisafisha. Mashine ya kwanza hutenganisha kemikali moja moja. Ya pili huzitambua kwa uzito wa molekuli zake na vipande vyake. Mashine huona tu kile ilichoandaliwa kutafuta. Kiuatilifu ambacho hakimo kwenye orodha kinaweza kupita bila kuonekana.

Sheria inataka nini?

Kanuni za serikali kuu ya Marekani humtaka mkulima wa hempu apimiwe THC, si viuatilifu. Kwa bangi, kila jimbo lina kanuni zake. California hutaka vipimo vya viuatilifu 66: 21 havitakiwi kuonekana kabisa, na 45 vina kikomo. Ndiyo maana chupa mbili zinaweza kuandikwa "yamepimwa", kumbe moja imepimwa THC peke yake.

Unaposoma cheti, angalia:

- Namba ya toleo kwenye cheti ilingane na iliyo kwenye chupa.
- Kuwe na jina la maabara, tarehe, na kibali cha ISO/IEC 17025. Maabara isiwe ya muuzaji mwenyewe.
- Viuatilifu vitajwe kimoja kimoja. Neno "salama" peke yake halitoshi.
- Kila kipimo kiwe na kikomo chake, kwa kawaida katika mikrogramu kwa gramu.
- Herufi "ND" maana yake mashine haikukiona. Huenda kipo, ila chini ya kiwango ambacho mashine inaweza kuona.

Kama hakuna cheti, au muuzaji anakwepa kukuonyesha, usimpe mtoto.

Ongea na daktari kwanza

Ipo dawa ya CBD iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa aina chache za kifafa kikali. Inaitwa Epidiolex, na hutolewa kwa maagizo ya daktari. Mafuta ya dukani si dawa hiyo.

CBD inaweza kuongeza usingizi ikitumiwa pamoja na klobazamu, na kudhuru ini ikitumiwa pamoja na valproeti. Usimwachishe mtoto dawa zake za kifafa ghafla, kwani degedege linaweza kurudi kwa nguvu. Mama mjamzito au anayenyonyesha anashauriwa asitumie CBD.

Ukisafiri kwenda Kenya au Tanzania, kumbuka kuwa bangi ni marufuku huko. Usibebe chupa bila kuuliza sheria.

Mtoto akitapika mfululizo, akitokwa na mate mengi, akilala usingizi usio wa kawaida au akipumua kwa shida, mpeleke hospitali mara moja. Beba chupa na cheti chake.