Namna Kiwanja Kilivyopata Bei Siakago

Mtu apitaye leo katika viunga vya Siakago, makao ya utawala wa Mbeere Kaskazini katika kaunti ya Embu, ataona nyumba za mawe zilizoezekwa mabati ya rangi, na baina ya nyumba na nyumba ataona viwanja vitupu vilivyofyekwa vichaka, kila pembe imechomekwa bikoni ya zege. Na akiuliza ataambiwa kwamba hiki ni cha mwalimu, kile ni cha karani aliyekaribia kustaafu, na kile cha tatu ni cha mtu wa Nairobi ambaye majirani hawajapata kumwona ila siku ile alipokuja na mpimaji. Ukiwauliza wanunuzi hao wamefuata nini, aghalabu watakujibu kwamba wamefuata utulivu. Nao utulivu upo, sina ubishi. Lakini tarihi yake ni ya makelele mengi, na tena ni fupi, hata wazee wanaoota jua pale sokoni walizaliwa wakati ambapo katika sehemu hii hapakuwa na kiwanja hata kimoja chenye hati.

Umbeere ni nchi ya chini, yenye joto na mvua haba, tofauti na Embu ya juu iliyo karibu na Mlima Kenya, ambako chai na kahawa husitawi. Hapo kale ardhi ilikuwa tele kuliko watu. Mali ya mtu ilihesabiwa kwa mbuzi, ng'ombe na mizinga ya nyuki, na shamba la mtama, uwele na kunde lilipochoka liliachwa lipumzike, mwenyewe akahamia kwingine. Nyumba ilikuwa ya fito, udongo na nyasi, na ghala la nafaka kando yake. Jamaa waliijenga kwa kusaidiana, na mwenyewe alipohama aliwaachia mchwa. Katika hali hiyo, kununua nyumba lingekuwa neno lisilo na maana, kwani nani atoe mbuzi kwa kitu ambacho shemeji zake watamjengea kwa sharti la kulishwa tu?

Ardhi yenyewe iliweza kupita mkono kwa mkono, lakini si kwa namna tuijuayo leo. Mwenye dhiki alipokea mbuzi akampa mwenziwe shamba alilime, na haki ya kulikomboa ikabaki kwake na kwa wanawe, hata kama miaka mingi imepita. Watu wa Unguja hawatastaajabu kusikia hayo, kwa kuwa wao nao walikuwa na bei khiyari, ambayo kwayo shamba la mikarafuu liliuzwa na muuzaji akabaki na nafasi ya kulirudisha kwa kulipa thamani ileile. Tofauti ni kwamba Unguja palikuwa na kadhi na waraka, ilhali Umbeere palikuwa na wazee na kumbukumbu zao, na kumbukumbu za wazee hazifi mpaka wafe wao. Ndipo huanza kubuniwa upya.

Waingereza walijenga boma lao Embu mwaka 1906, baada ya kuwashinda wenyeji kwa silaha, nao kwa muda mrefu hawakujishughulisha sana na nani amiliki nini katika nchi kavu ya mashariki. Pwani, kinyume chake, watu waliamriwa kusajili madai yao ya ardhi kwa sheria ya 1908. Huku bara, ardhi ya wenyeji iliwekwa chini ya udhamini wa serikali, na tume ya ardhi iliyoteuliwa mwaka 1932 ilipotoa taarifa yake mwaka 1934, ilihusika zaidi na mipaka ya makabila kuliko mipaka ya mtu na jirani yake. Kisha ukaja mpango wa Swynnerton wa 1954, ambao shabaha yake ilikuwa kumpa mkulima Mwafrika hati yake mwenyewe ili apande mazao ya biashara na akopeshwe. Ukatekelezwa kwa haraka katika Ukikuyu na Embu ya juu, katika miaka ya hali ya hatari. Umbeere ukaachwa nyuma, maadamu hapakuwa na kahawa wala chai ya kuharakishiwa.

Zamu yake ilifika baada ya uhuru, kwa sheria ya mwaka 1968 ya kuamua haki za ardhi, na hapa ndipo yalipoanza yale makelele. Kamati za wenyeji ziliundwa kusikiliza kila dai. Asiyeridhika alikwenda kwenye baraza la usuluhishi, kisha kwa ofisa wa serikali ndani ya siku 60 tangu daftari lilipowekwa wazi, na hata kwa waziri mwenyewe. Lakini mtu mmoja mmoja hakuwa na nguvu ya kudai kilima kizima au bonde zima. Aliyedai ni ukoo. Jack Glazier, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefanya utafiti miongoni mwa Wambeere na kuchapisha kitabu chake mwaka 1985, alionyesha jambo ambalo naona halijapata kufikiriwa vya kutosha: koo zilizosimama mbele ya kamati na kusema kwamba ardhi ni yao tangu azali, hapo awali hazikuwa na umoja wala milki ya namna hiyo. Zilikusanyika kwa sababu ya kesi. Zilichanga fedha, zilitafuta mashahidi, zilipokea hata watu wa nasaba ya mbali wawe ndugu, zikasimulia safari za mababu kwa mpangilio uliomwelekea hakimu. Serikali ilidhani inavunja desturi ya ukoo ili kumsimamisha mtu binafsi. Kumbe kwa muda iliijenga, na kwa namna ambayo babu wa babu asingeitambua.

Ukoo ulioshinda uligawa ardhi kwa watu wake, nao wakaandikwa katika daftari. Na kuandikwa kwa mara ya kwanza kulikuwa jambo kubwa mno, kwa kuwa sheria ya usajili ya 1963 ilisema kwamba usajili wa kwanza haubatilishwi na mahakama, ijapokuwa ulipatikana kwa hila. Aliyekuwa hospitali, aliyekuwa kibarua mbali, mjane aliyetegemea shemeji amwandikishie, wote hao waliporudi walikuta neno limekwisha. Ibara hiyo ilifutwa mwaka 2012, na sasa hati iliyopatikana kwa ulaghai yaweza kupingwa. Nami nakiri siioni sababu ya kungoja karibu nusu karne.

Mwaka 1996 wilaya ya Mbeere ilikatwa kutoka Embu, na Siakago ikawa makao yake. Wilaya huleta makarani, makarani hutaka vyumba, na mwenye eka tano kandokando ya mji akaanza kuona kwamba mbaazi hazilipi kama viwanja vya futi hamsini kwa mia. Katiba ya 2010 ilipoirudisha Mbeere ndani ya kaunti ya Embu, wako waliodhani bei itashuka. Lakini ofisi za kaunti ndogo na mahakama zilibaki, na muguka, jani la kutafuna lisisimualo, ulikuwa umekwisha kuingiza fedha mikononi mwa wakulima. Nyumba nyingi Umbeere zimesimama kwa jani hilo. Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku muguka mwezi wa Mei 2024, kabla ya mahakama kusimamisha amri hiyo, mafundi wa huku nao walikuwa na haki ya kushtuka, kwani mtafunaji wa Pwani ndiye alipaye saruji.

Ukitaka kuona zamani na sasa vimekaa benchi moja, nenda siku ya bodi ya udhibiti wa ardhi, iliyowekwa kwa sheria ya 1967. Shamba likiwa la kilimo, mauzo bila idhini ya bodi ni batili, na ombi sharti lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mapatano. Muuzaji huja na mkewe na watoto wake wakubwa. Mwenyekiti humgeukia mama na kumuuliza, tena kwa lugha ya nyumbani, kama anajua kwamba shamba linauzwa, na fedha zitafanya kazi gani, na wao watabaki na wapi pa kulima. Nyuma yao huketi wazee wa ukoo, ambao sheria haiwataji, lakini mnunuzi mwenye busara amewalipia nauli.

Idhini ikipatikana, hubaki ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini na asilimia 2 kwa ardhi ya mashambani. Hapo ndipo viunga vya Siakago huonyesha tabia yao: muuzaji aliyeapa wakati wa kutaja bei kwamba hapa ni mjini kabisa, lami hii hapa na mahakama ile pale, hunyamaza kimya, na mnunuzi huanza kumwonyesha karani mbuzi wanaolisha katikati ya bikoni.