Mlangoni pa Mdaiwa: Riba, Rehani na Heshima ya Maskini

Kwa karne nyingi mjadala wa Kikristo kuhusu mikopo umezunguka swali moja: mkopeshaji ana haki ya kuongeza kiasi gani? Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, katika kanuni ya 17, uliagiza kasisi anayetoza riba avuliwe daraja. Mwaka 1462, kwa msukumo wa Wafransisko, Perugia ilianzisha mfuko wa kuwakopesha maskini kwa rehani. Ukazuka ubishi mkali kama ada ya kuuendesha nayo ni riba, hadi Mtaguso wa Tano wa Laterano ulipoihalalisha mwaka 1515. Calvin, katika barua ya 1545, alikubali faida katika mikopo ya biashara lakini akakataa maskini atozwe.

Swali hilo lina uzito wake, ila limefunika jingine: mkopeshaji aende vipi siku ya kudai? Sura moja tu baada ya katazo la riba, Kumbukumbu la Torati 24 inageukia jambo hilo. Jiwe la kusagia lisiwekwe rehani, maana alichukuaye ameshika uhai wa mtu. Vazi la maskini lirudishwe jua likichwa, apate cha kujifunika. Na mkopeshaji asiingie nyumbani kujichagulia rehani. Asimame nje, mdaiwa amtolee mwenyewe.

Agizo hili la mwisho ndilo ninaloliona kuwa kiini. Deni linatambuliwa na rehani inatolewa, lakini haki ya mkopeshaji inakoma kizingitini. Ndani, mdaiwa bado ni mwenye nyumba mbele ya mkewe na wanawe, na ndiye anayeamua kipi kitoke.

Sasa tazama mikopo ambayo Watanzania wameipa jina la kausha damu. Mama lishe akikwama marejesho, wadai wanaingia hadi jikoni na kubeba jiko la gesi na masufuria. Hilo ndilo jiwe lake la kusagia. Kesho hapiki, na asipopika halipi; wamechukua hata uwezo wake wa kulimaliza deni.

Simu nayo imekuwa nyumba. Kenya, wakopeshaji wa mtandaoni walikuwa wakipekua majina yaliyohifadhiwa kwenye simu ya mkopaji na kuwapigia ndugu, wakwe na mwajiri, mpaka kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zilipopiga marufuku udai wa namna hiyo. Hata riba ingekuwa sifuri, kumwaibisha mtu hivyo kungebaki dhambi.

Atakayepinga atasema kwamba fedha ya VICOBA, vikundi ambavyo wanachama huweka hisa na kukopeshana, ni ya maskini wengine, na bila kuogopa aibu watu hawatalipa. Pingamizi hili si dogo, kwani mjane aliyeweka hisa zake ana haki ya kuzipata. Lakini Torati haisemi asidaiwe. Inaweka mpaka kwenye zana ya kazi, kwenye cha kujifunika na mlangoni.

Vikundi vingi vya namna hiyo hukutana katika viwanja vya makanisa. Katiba zao hutaja faini ya kuchelewa mpaka shilingi ya mwisho. Zitaje pia vyombo visivyoguswa, na nani atakwenda kuzungumza na mwanachama aliyekwama. Usharika unaotoa ukumbi una kila sababu ya kuisoma katiba hiyo kwanza.