Picha Iliyoumbiwa Ukuta

Watu wakiniuliza kama picha za Kijapani za chapa ya mbao zinafaa sebuleni, huwajibu kwamba zilizaliwa kwa kazi hiyo hiyo. Huko Edo, mji ambao leo ni Tokyo, hazikuwa mali ya matajiri. Mchoraji alichora, mchongaji akachonga mbao za mcheri, mpigachapa akapaka rangi, na mchapishaji akaziuza kwa bei isiyopishana sana na ya bakuli la tambi.

Karne ya 18 zilikuwepo hata chapa za kutundikwa kwenye nguzo za nyumba, hashira-e: urefu sentimita 70 hivi, upana 12 tu. Moshi, vumbi na mwanga vikazila, ndiyo maana zilizobaki ni chache.

Hapo ndipo penye utamu na uchungu. Rangi za kale zilizotokana na maua hupauka mwangani. Ndugu wawili wa Boston, William na John Spaulding, walilijua hilo. Mwaka 1921 walilipa jumba la makumbusho la mji wao chapa zaidi ya 6,000, kwa sharti kwamba zisitundikwe kamwe. Rangi zake bado mbichi, lakini hakuna ukuta unaozijua.

Mimi niko upande wa yule mwenye nguzo. Ukiwa na chapa ya asili, itundike mbali na dirisha, kisha uipumzishe baada ya miezi michache. Kama huna, basi nunua nakala ya wimbi la Hokusai bila aibu. Wimbi lenyewe, tangu 1831 hivi, lilikuwa nakala moja kati ya nyingi.