Geini ya Vidato na Geini ya Mserereko

Mashine ya ultrasaundi inapopiga picha ya tumbo, mwangwi unaotoka karibu na ngozi hurudi ukiwa na nguvu, ila ule wa kina cha sentimita 10 hufika hoi. Nyama laini za mwili hula takriban nusu desibeli kwa kila sentimita na kwa kila megahezi. Wimbi la megahezi 5 likienda na kurudi, sentimita 20 kwa jumla, limeshapoteza desibeli 50 hivi: volti zake zimepungua zaidi ya mara 300. Na safari yote hiyo huisha ndani ya mikrosekunde 130, kwa kuwa sauti hupita mwilini kwa kasi ya mita 1,540 hivi kwa sekunde. Ili picha isififie kadiri inavyoshuka, amplifaya ya mashine hulazimika kuongeza nguvu muda wote huo, kisha irudi chini na kuanza upya na wimbi linalofuata.

Kinachoongezwa ni geini. Mafundi mitambo wa bendi na wa makanisani wana neno hilo mdomoni kila siku, na maana yake ni nyepesi: uwiano wa kinachotoka kwa kinachoingia. Ikiingia milivolti 1 na kutoka milivolti 10, geini ni 10, au desibeli 20. Wapo wanaopendelea “ukuzaji”, neno zuri, isipokuwa linataja tendo zima la kukuza kuliko kiasi chake. Kwa kiasi, geini imeshashinda na haidhuru kuiachia. “Kikuza sauti” nacho, kama jina la amplifaya, kinafaa ukumbini tu. Ndani ya ultrasaundi kinachokuzwa ni umeme unaopwita mara milioni kadhaa kwa sekunde, ambao hakuna sikio litakalousikia. “Kikuzaji” peke yake kinatosha.

Ugumu uko kwenye kivumishi cha kuitaja geini inayobadilika. Mtu angeweza kusema “geini geu”, kwa mfano wa mkondo geu wa umeme wa nyumbani. Lakini mkondo geu hugeuka wenyewe, na mtu geugeu hakuna anayemwamini. Mhandisi anataka geini inayobadilika pale tu anapoiamuru. “Geini inayorekebishika” ni sahihi zaidi, japo ndefu. Hata hivyo bado inaficha jambo moja kubwa, na hapo ndipo wanunuzi wa vikuzaji hukosea: kurekebishika kuko kwa namna mbili.

Namna ya kwanza ni ya vidato. Chipu ya PGA103 ina geini tatu tu, yaani 1, 10 na 100, zinazochaguliwa kwa pini mbili za kidijitali. PGA2310, iliyotengenezwa kwa ajili ya muziki, ina vidato vya nusu desibeli kuanzia −95.5 hadi +31.5. Nusu desibeli ni ndogo kiasi kwamba wengi wataiita “laini”, lakini kidato ni kidato: geini ikirukia thamani mpya katikati ya wimbi, spika hutoa mkwaruzo mdogo. Ndiyo maana chipu hiyo husubiri wimbi lipite kwenye sifuri ndipo ibadilishe.

Namna ya pili inastahili jina lake, na “mserereko” linafaa. Chipu ya AD603 ni mfano mzuri. Ndani yake mna ngazi ya rezista yenye hatua saba, na kila hatua hukata ishara nusu, yaani desibeli 6.02, hata jumla ikafika 42.14. Kwa hiyo vidato vipo. Ujanja ni kwamba kinachochukua ishara kutoka kwenye ngazi hiyo hakisimami juu ya hatua moja: huchanganya hatua mbili jirani kwa kadiri ya volti ya udhibiti, na mseto huo huhama polepole au haraka bila kuruka. Nyuma ya ngazi kuna kikuzaji cha geini isiyobadilika, desibeli 31.07. Katika mpangilio mmoja, matokeo ni geini kutoka desibeli −11 hadi +31 kwa ishara za hadi megahezi 90. Kwa ultrasaundi kuna uzuri mwingine: geini hupanda kwa desibeli zinazolingana na volti, kwa hiyo volti inayopanda kwa mstari mnyoofu hufidia moja kwa moja mwangwi unaofifia kadiri kina kinavyoongezeka.

Swali la kujiuliza dukani, basi, ni kama geini itabadilika ishara ikiwa inapita. Mizani ya kielektroniki inayopima gunia, ikatulia, kisha ikapima jingine, haina haja ya mserereko. Vidato huipa geini ileile kesho na keshokutwa, na hilo ndilo mizani inalolihitaji. Ultrasaundi haiwezi kungoja, maana mruko wa geini katikati ya mwangwi ungeweza kuacha mstari kwenye picha.

Mserereko una gharama yake. AD603 hubadili desibeli 1 kwa kila milivolti 25 za udhibiti, hivyo mnong’ono wowote wa umeme kwenye waya wa udhibiti huingia moja kwa moja katika geini. Mafundi wengi huhangaika kusafisha njia ya ishara na kuusahau waya wa udhibiti, ilhali milivolti 5 tu za mvumo wa pawasaplai zinatosha kuitikisa geini kwa moja ya tano ya desibeli.