Tupatane Archives

Nairobi ina mzaha wake mmoja ambao hakuna anayeucheka. Majumba yetu ya sanaa hupenda Kiswahili mlangoni. Paa ya Paa, 1965. Gallery Watatu, iliyoanzishwa na wasanii watatu mwishoni mwa miaka ya 1960. Kuona Trust, 1995. Majina mafupi, matamu, hata konda wa mathree anaweza kuyaita bila kukwama. Ukishavuka kizingiti, mara nyingi Kiswahili kinabaki nje na mlinzi. Vijikaratasi kando ya picha ni Kiingereza, hotuba za ufunguzi ni Kiingereza, na ukitaka kuuliza bei unajikuta unanyoosha Kiingereza chako pia.

Jibu la haraka ni mkoloni. Jibu hilo si uongo, ila linaruka sehemu tamu ya hadithi.

Kabla mji huu haujawa na galari ya Mwafrika hata moja, ulikuwa na magazeti ya lugha za mama. Muigwithania ilianza 1928 kwa Kikuyu, mhariri wake akiwa kijana aliyeitwa Johnstone Kenyatta. Mwaka huohuo redio ilianza Kenya, na ilizungumza na walowezi kwa Kiingereza. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Henry Muoria alichapisha Mumenyereri, tena kwa Kikuyu, na watu wakalisoma kweli. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, magazeti ya aina hiyo yalipigwa marufuku. Muoria alikuwa London wakati huo, na maisha yake yaliyobaki akayaishi zaidi huko. Kwa hiyo serikali ilijua jambo ambalo sisi tunalisahau: gazeti la lugha unayoota nayo usiku lina nguvu. Hakuna anayehangaika kufungia kitu kisichosomwa.

Sasa njoo 1965. Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Tanganyika, alikuwa tayari ameshachora picha kubwa za maisha ya Yesu ukutani mwa kanisa la Murang'a, Yesu akiwa Mwafrika na nchi nyuma yake ikiwa ya Mlima Kenya. Mwaka huo yeye na marafiki zake wakafungua Paa ya Paa katikati ya mji, Koinange Street. Jina lenyewe ni mchezo wa maneno: paa yule mnyama, na paa la kupanda juu. Ukijaribu kulieleza kwa Kiingereza unapoteza nusu ya utamu.

Wale marafiki ndio walionishangaza. Hilary Ng'weno alikuwa mtu wa magazeti, Mwafrika wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa Daily Nation. James Kangwana alikuwa mtu wa redio. Jonathan Kariara alikuwa mshairi na mhariri wa vitabu. Terry Hirst, mzaliwa wa Uingereza, alikuwa mwalimu wa sanaa na mchoraji wa vibonzo. Yaani galari hiyo haikuwa ya wachoraji peke yao. Ilikuwa meza moja ambapo mtu wa gazeti, mtu wa redio na mtu wa rangi walikunywa chai pamoja.

Miaka minane baadaye, 1973, wawili kati yao, Ng'weno na Hirst, wakaanzisha jarida la Joe. Joe alikuwa jamaa wa kawaida wa Nairobi, mwenye kodi ya kulipa na bosi wa kuvumilia, anayecheka ili asilie. Nakala yangu moja nilinunua kwa wauza vitabu wa kando ya barabara, jalada limepasuka, na bado mistari ya Hirst inapumua. Lugha yake ni Kiingereza, lakini Kiingereza kilichokanyaga matope ya mtaani. Ng'weno aliondoka kuanzisha The Weekly Review mwaka 1975, na Joe lenyewe likaisha kabla ya miaka ya 1980.

Ndani ya Joe alichora pia Edward Gitau. Huyo ndiye ningemwekea chumba kizima kama ningepewa funguo za makumbusho. Tangu miaka ya 1950 Gitau alichora Juha Kalulu, kibonzo cha Kiswahili kilichodumu miongo na miongo katika Taifa Leo. Fikiria idadi ya macho yaliyopita juu ya mistari ile: kinyozi, karani, mtoto anayengoja gazeti limalizwe na baba, mama aliyelipata likiwa limefunga mandazi. Watu ambao hawajawahi kukanyaga galari walimjua mchoraji mmoja kwa mkono wake, kila asubuhi, kwa lugha waliyoielewa bila kutafsiriwa. Kama hiyo si makumbusho ya sanaa, basi sijui tunatafuta nini.

Na hapa ndipo ninapogombana kidogo na wenzangu wanaopenda galari. Tunaporodhesha historia ya sanaa ya Kenya tunataja turubai. Kibonzo tunakiita kichekesho, kama kwamba Gitau alikuwa akingoja siku atakayokuwa msanii kamili. Turubai inawekewa bima. Karatasi ya gazeti inageuka manjano, inavunjika pembeni, inatupwa.

Mwaka jana nilimpeleka shangazi yangu kwenye maonyesho fulani mjini. Jumba lenyewe sitalitaja. Shangazi husoma Kikamba na Kiswahili. Tulisimama mbele ya picha ya vyombo vya nyumbani. Kijikaratasi kilikuwa na neno moja la Kiingereza, la kusema kwamba picha haina jina. Shangazi akauliza, "Hapo wameandika nini?" Nikamwambia. Akaniangalia. "Haina jina vipi, mwanangu?" Akaanza kuvitaja vitu vyote kwa Kikamba: kibuyu, kifuniko chake, mkanda wake wa ngozi, na ni nani nyumbani alikuwa na ruhusa ya kukigusa. Vijana wawili walisogea kusikiliza, mmoja akaomba nimtafsirie. Dakika kumi nzima. Jumba lile halikuwa na mahali popote pa kuyaandika maneno yake.

Redio ilishaligundua hilo kitambo. Kameme FM ilipoanza kutangaza kwa Kikuyu mwaka 2000, walikuwepo waliosema ni ukabila, na baada ya 2007 hofu hiyo haikuwa ya bure. Lugha ya mama inaweza kubeba chuki vilevile inavyobeba hadithi. Ila wasikilizaji walibaki, na stesheni za Kiluo, Kikamba, Kimeru na nyingine zikafuata. Ghetto Radio ikaja na Sheng. Halafu 2010 likaja Shujaaz, kitabu cha vibonzo kwa Sheng, bure, kikiwa na redio yake pembeni, na 2012 kikashinda tuzo ya kimataifa ya Emmy. Wino, sauti na lugha ya mtaa pamoja tena, kama ile meza ya 1965, isipokuwa safari hii hakukuwa na galari mezani.

Kwa hiyo ninalodai ni dogo tu. Mtu akusanye Juha Kalulu kabla karatasi hazijaisha. Na kando ya picha pawe na zaidi ya lugha moja. Kama nafasi ni ndogo, pawe na sauti. Simu kila mtu anayo.

Kuna jumba moja ambalo sote tunalijua kwa nje. "Tupatane Archives," tunasema, kisha tunasimama pale Moi Avenue karibu na sanamu ya Tom Mboya, tukipigwa jua, redio tatu za mathree zikibishana kwa lugha tatu. Ndani, ghorofa ya chini, mna sanaa iliyokusanywa na Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais, mtoto wa baba Mgoa na mama Mmaasai. Rafiki yako akisema amefika na bado yuko Roysambu, usimngojee nje. Ingia. Na ukiwa na shangazi, ingia naye, umwache aongee.